Maji Moto na Mbu, Sanduku Moja

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipoingia makumbusho kule Dar es Salaam kwa sababu tu sikuwa na pa kwenda. Baba yangu alikuwa amelazwa hospitali, tumetoka naye hapa Nkowe, na wagonjwa walionwa asubuhi na jioni tu. Katikati hapo, kijana simjui mtu, ningefanya nini? Nilizurura.

Na usidhani jioni ilikuwa nafuu. Baba alikuwa mtu wa maneno, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kuuza na kununua. Mazungumzo yake hasa yalikuwa ya Kimwera, na wodini hapakuwa na wa kuzungumza naye. Nami nilimuuliza yale yale: umekula, umelala, maumivu vipi. Anajibu "mh", anageukia ukutani. Nilianza kuogopa kwamba ndiyo ananyamaza moja kwa moja. Upweke ule ulitukaa wote wawili, nakwambia kweli.

Basi huko makumbusho nikakuta chumba cha ndege na wadudu. Kunguru wa mjini, mwizi aliyekuwa akidokoa mikate ya wagonjwa dirishani, naye yumo, kajazwa pamba, kajifanya mpole. Kwenye sanduku la kioo nikawaona maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani ya mkorosho wakajenga kiota. Pembeni yao kawekwa mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi mpaka yanakauka. Wote wamechomwa sindano. Nilisimama pale muda mrefu. Tangu nifike mjini sikuwa nimeona mtu wa kwetu, na huyo wa kwanza kumwona ni sisimizi.

Jioni nikamweleza Baba. Akageuza kichwa.

"Maji moto na mbu wamewaweka sanduku moja?"

"Moja, Baba."

Akacheka mpaka akakohoa. "Wagomvi hao. Nani kawapatanisha?"

Shambani kwetu tulikuwa tunafunga kamba toka mkorosho huu hadi ule, maji moto wavuke wakawale mbu. Baba akaanza kuniuliza: kamba za upande wa bondeni nilizikagua? Mti upi umebaki bila kiota? Aliongea huku anahema, nikaingiwa na hofu. Nikamwambia, "Baba, pumzika. Achana na wadudu."

Alinitazama kwa hasira. "Tangu nimefika hapa kila mtu ananiambia nipumzike. Nani kakwambia nimechoka kusema? Kaa chini."

Nikakaa. Kuanzia hapo nikawa narudi makumbusho kumtafutia habari, leo vipepeo, kesho nyenze, naye anabisha, ananikosoa, ananicheka. Hakupona, mwanangu. Tulikuja kumzika hapa Nkowe. Lakini jioni yake ya mwisho tuliimaliza tukibishana kama nyenze hulia kwa mdomo au kwa tumbo, na uso wake ulikuwa upande wangu.

Sasa mama yako hayupo, nanyi mko mbali. Nyumba hii ni mimi na redio, na redio haiulizi kitu. Mnanipigia simu, sikatai, na nashukuru. Lakini ni Baba umekula, Baba umekunywa dawa, basi, kwaheri. Nikiweka simu mezani nabaki mpweke kuliko kabla haijalia.

Ninachokuusia ni hiki. Mtu mzima aliye peke yake usimpelekee pole tupu. Mpelekee jambo analolijua, umuulize, umwache abishe na akukosoe hata kama una haraka zako. Usimwambie apumzike. Kupumzika kunamngoja, na ni kurefu.

Mungu akukuze, mwanangu, akupe afya na watoto wenye masikio. Na siku utakayobaki peke yako, asikose kukuletea mtu wa kukuuliza leo umeona nini.