Rangi Ambayo Kalekye Hakuitaja

Wewe ukiambiwa uchague rangi moja ya kukaa kidoleni mwako mpaka uzeeke, ungetaja ipi?

Saa nne asubuhi, sokoni Tawa, Kalekye anamuuliza swali hilo msichana aliyeketi mbele yake, wala hamharakishi. Ametia maji kidogo kwenye sahani nyeupe ya bati, akapanga humo mawe matano, kila moja dogo kama punje ya hindi, kisha akaitoa sahani nje ya kibanda. Chini ya taa hauzi jiwe. Anasema taa hudanganya.

Mulwa, mchumba wa msichana, ameambiwa akangoje kule kwa wauza ndizi. Ndiyo kawaida ya kibanda hiki: mwanamume alipe, lakini rangi itajwe na atakayevaa, tena akiwa peke yake.

Kalekye, mwenye umri wa miaka 57, anaeleza polepole. Jekundu ni mapenzi, ila ziko nyumba ambako jekundu hukumbusha ajali. La kijani ni mvua iliyokubali na maharagwe yaliyoota. La rangi ya asali ni utamu wa nyumba. Jeupe hupendwa na watu wa kanisa. La buluu ni la mtu asiyebadilika. Hilo la mwisho analitaja haraka na kuendelea.

Msichana, jina lake Nzisa, anafikiri, kisha anatabasamu. "Nipe la asali, mama. Akiliona akumbuke na nyuki wapo."

Ndani ya kibanda mtu anacheka. Ni Musyimi, mumewe Kalekye, mwenye miaka 64, ameinamia gurudumu la kunolea mawe alilolifunga kwenye miguu ya cherehani kuukuu. Yeye hukata jiwe, mkewe hutengeneza pete ya fedha na kulipachika. Mwezi mzuri huuza pete sita. Ukame ukiingia, hata moja haitoki, maana watu hawaposi wakiwa na njaa.

Walioana miaka 34 iliyopita. Musyimi alitoka Nunguni na mbuzi watatu wa ntheo, wale wanaopelekwa kwa kina msichana ili ijulikane ameshachumbiwa. Pete haikuwepo. Kijijini kwao nani alikuwa na pete?

Mwaka jana, mwezi wa nane, palitokea kosa ambalo Kalekye hulisimulia akitazama chini. Kijana mmoja aliagiza jiwe la buluu kwa ajili ya mchumba wake wa Kilungu. Siku ya kulipachika Kalekye alikuwa mgonjwa, basi Musyimi akaimaliza pete mwenyewe. Siku ya ntheo, mbele ya wazee wa pande zote mbili, nyanya wa msichana aliushika mkono wa mjukuu wake, akaugeuza juani. Jiwe lilikuwa jeusi.

"Alisema mkwe ameleta matanga kabla ya harusi," Kalekye anasimulia. "Mbuzi walifunguliwa, wakarudishwa vile vile walivyokuja."

Koo mbili hizo hazikusemezana miezi mitatu. Kalekye na mumewe walipanda Kilungu wenyewe kuomba radhi, wakatengeneza pete nyingine bila malipo. Harusi ilikuja kufanyika, lakini hapo ndipo Musyimi alipokiri nyumbani kwamba kwake buluu na nyeusi zilikuwa zimekuwa kitu kimoja.

Daktari aliwaambia ni presha ya macho. Yaliyokwisha potea hayarudi, na hata dawa ikifanya kazi, huenda mwisho wa mwaka huu asiweze tena kukata.

Tangu Januari mzee ana ombi moja. Amekata mawe ya mamia ya wake za watu, na mkewe bado ana kidole kitupu. Anataka kumkatia lake kabla macho hayajafunga. Kila akimuuliza rangi, mkewe hujibu, "Yoyote." Naye humjibu kwamba yoyote si rangi.

Mzee anapotoka kwenda kuteka maji, Kalekye anasema kwa sauti ya chini, "Nikiitaja nitamuumiza. Afadhali nikae hivi."

Mulwa anarudi, analipa shilingi 4,500, anaambiwa pete itakuwa tayari Alhamisi. Wawili hao wanaondoka wakitaniana kuhusu nyuki. Kalekye anamwaga maji, anaanza kuyapangusa mawe kwa upindo wa leso, moja moja.

Musyimi anakuja, mkono wake ukiitafuta benchi kwanza, ndipo anapoketi.

"Mama Kiema," anasema, "huyo mtoto hata ishirini na tano hajafika, na amesema anachotaka. Mimi nangoja nini kwako?"

Kalekye anaishika leso tena. Anapangusa jekundu, analiweka kwenye kibati chake. La kijani. Jeupe. La asali analifunga kwenye karatasi yenye jina la Nzisa. Linabaki moja. Analishika muda mrefu, kisha anaufungua mkono wa mumewe na kuliweka katikati ya kiganja.

Musyimi analiinua karibu na jicho, analigeuza, analiteremsha. Haulizi ni rangi gani.

"Ni la buluu, Baba Kiema," Kalekye anasema. "Nililitaka tangu siku ile ulipowafunga wale mbuzi mlangoni kwa baba. Wewe kata. Mimi nitakaa hapa juani, nikuambie linavyong'aa."