Swali Lisilorushiwa Dadu

Katika mchezo wetu wa Jumapili, mimi mwalimu wa sekondari ndiye msimulizi. Kila mchezaji ana mtu wake ndani ya hadithi. Anasema mtu huyo anafanya nini, nami naeleza yanayotokea. Palipo na shaka naitisha dadu: sita ni heri, moja ni balaa. Jirani yangu hapa Mbinga, karani wa ghala la kahawa, angependa dadu kwa kila kitu. Huwa namwambia kwamba anayerusha dadu kufungua mlango ulio wazi, iko siku atashindwa kutoka chooni. Sheria yangu siilegezi: dadu huitishwa pale tu ambapo jibu lolote litakalokuja tunaweza kulibeba.

Jumapili ile ya Julai ukungu ulishuka mpaka kwenye mibuni ya nyuma ya nyumba. Mchezaji wetu wa tatu, muuguzi, alifika amechelewa na hakuvua koti. Mumewe ni mvuvi wa dagaa kule ziwani. Alikuwa ametoka juzi usiku, upepo wa mwera, ule mkali wa kusini, ukainuka nyuma yake, na tangu hapo simu yake haipatikani. Tulimshauri akapumzike. Akasema gari la kumpeleka ziwani ni kesho alfajiri, na kukaa peke yake hawezi. Kwao mtu aliyechelewa majini hasemwi amepotea, husemwa bado yuko kazini. Hata karani, mwenye mdomo usio na breki, siku hiyo alisema hivyo hivyo.

Tukacheza. Niliogopa, nasema kweli. Kila nilipofungua kinywa niliyakwepa maji, nikawapeleka milimani, msituni, sokoni. Mara muuguzi akasema mtu wake anashuka ufukweni, anasukuma mtumbwi, anakwenda kumtafuta mvuvi.

"Anampata?" akaniuliza.

Nikajibu haraka kwamba anampata, mzima, ana baridi tu.

"Usinihurumie, mwalimu. Itisha dadu."

"Hili siliitishii dadu, dada."

Akanyoosha mkono, akaichukua mwenyewe, akairusha. Iligonga kikombe cha chai, ikazunguka, ikatulia. Sita.

Karani alifanya ishara ya msalaba. Mimi niliingiwa na hofu zaidi kuliko kama ingekuwa moja, kwa sababu niliuona uso wa muuguzi ukifunguka. Alivua koti, akalitundika mlangoni. Kisha akampigia simu mama mkwe wake huko ziwani, kwa sauti ya mtu anayeandaa sikukuu.

"Shikamoo mama. Leo pika na cha kwake."

Nilitaka kumwambia kwamba ile sita ilikuwa ya mtumbwi wa hadithi. Badala yake nikamwongezea chai. Karani alikuwa anatazama sakafu.

Mama mkwe alipika, akafunika. Chakula cha mvuvi kililala bila mtu kukifunua.