Mnara Usioliona Bonde

Ofisini wanamwita Mama Penseli, kwa sababu ile penseli ya mbao haimtoki nyuma ya sikio. Ukikutana naye mara ya kwanza, kabla hajakuuliza habari za nyumbani, atakuuliza simu yako inashika mnara gani ukiwa umekaa jikoni kwako. Watu hucheka. Mwenyewe hacheki. Swali hilo alilianza Jumanne moja, na tangu siku hiyo hajaliacha.

Alichora ramani za mito kwa mkono miaka kumi na tisa, katika idara ya upimaji. Kitengo cha maafa kilipoletewa mfumo wa kutuma tahadhari kwenye simu, wakamhamishia huko. Walikuwepo wataalamu wa kompyuta, lakini hakukuwa na mtu aliyejua maji hupita wapi yakikasirika.

Kazi yenyewe ukiitazama ni rahisi. Unachora mstari kwenye ramani ya kompyuta kuzunguka eneo la hatari. Minara ya simu iliyomo ndani ya mstari inapeleka ujumbe, na kila simu inayoshika minara hiyo inalia kwa sauti ya ukali, hata kama mwenyewe ameizima mlio. Mfumo hauulizi jina wala namba. Unauliza tu upo wapi. Wahenga walisema la mgambo likilia lina jambo. Hili ni la mgambo la siku hizi, na anayelipiga ni mama wa miaka hamsini na mitatu mwenye miwani iliyofungwa uzi.

Hofu yake kubwa ilikuwa kulipiga mahali pasipostahili. Mwaka uliotangulia, mwenzake wa zamu alichora mstari mpana mno. Mji mzima ukakimbilia barabara moja, na watu watatu wakavunjika miguu. Baada ya hapo ikatoka amri: hakuna ujumbe kwenda nje ya eneo la hatari bila saini ya Mkuu wa kitengo.

Jumanne hiyo, saa nane na dakika kumi mchana, mlinzi wa bwawa la juu alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtu anayeongea kanisani.

"Mama, tuta limepasuka. Si ufa tena. Maji yanatoka."

Mama Penseli alichora kwanza kwa penseli kwenye ramani ya karatasi, kama kawaida yake, kisha akachora kwenye kompyuta. Mstari ulifuata mto, ukazunguka bonde lililo chini ya kilima, lenye kaya arobaini. Akaandika: "Maji yanakuja. Ondokeni bondeni sasa, pandeni kilimani." Akabofya. Mfumo ukajibu kwamba ujumbe umetoka, na utarudiwa kila baada ya dakika tano. Kwa hesabu yake, maji yangefika bondeni saa tisa kamili.

Ndipo akampigia dada yake. Dada ni fundi cherehani, na nyumba yake ni ya tatu kutoka mtoni.

"Dada, mmeshatoka?"

"Kutoka kwenda wapi? Nina suruali ya mtu kwenye mashine hapa, anaifuata saa kumi."

"Simu yako haijalia?"

"Imelia. Si ndiyo wewe huyo?"

Nyuma ya sauti yake cherehani ilikuwa ikinguruma. Mama Penseli aliitazama tena ramani. Alikumbuka mzaha ambao dada yake aliurudia kila walipokutana: "Mdogo wangu, mimi mwaka huu nimesafiri mno. Kila asubuhi simu inanikaribisha wilaya ya jirani, nami nipo jikoni nawasha moto. Na nauli sijalipa." Walikuwa wakicheka mpaka machozi. Yeye, mtu wa ramani, alicheka miezi yote hiyo bila kujiuliza.

"Ule ujumbe wa kukukaribisha wilaya ya jirani," alisema polepole, "bado unaupata?"

"Wa leo ninao hapa. Kwani vipi?"

Mnara wa kando ya mto ulikuwa ndani ya mstari, lakini kilima kilisimama katikati. Mnara ule haukuliona bonde. Simu zote za mle ndani zilishika mnara wa wilaya ya jirani, mbali zaidi, kupitia pengo la vilima, na mnara huo ulikuwa nje ya mstari. Alikuwa amezungushia mstari kaya arobaini, na hakuna hata moja iliyosikia.

"Dada, nisikilize. Bwawa limepasuka. Toka sasa hivi."

"Acha kunitisha, wewe."

"Nimewahi kukutania habari za maji?"

Cherehani ikanyamaza. Kisha dada akauliza, "Majirani wanajua?"

"Hawajui. Gonga nyumba za karibu, halafu upande. Usizimalize zote."

"Ngoja nivae viatu," akasema, na simu ikakatika.

Mkuu wa kitengo alikuwa amesimama mlangoni, kalamu mkononi, na alisikia yote. Mama Penseli akamwonyesha mnara wa wilaya ya jirani kwenye ramani. Mkuu akatikisa kichwa.

"Mnara huo una watu elfu tisa nyuma ya kilima. Wako salama pale walipo. Ukiwaambia ondokeni, watakimbilia daraja. Na maji yanapita wapi? Darajani. Unataka tuwapeleke sisi wenyewe?"

"Na wa bondeni?"

"Sijasema tuwaache. Nasema naogopa."

"Hata mimi naogopa, Mkuu. Tuogope huku tunaandika."

Ilikuwa saa nane na dakika ishirini na tano. Akachukua karatasi. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Mara ya tatu yakabaki haya: "Ukiwa bondeni kando ya mto, panda kilimani sasa, maji yanakuja. Ukiwa nyuma ya kilima uko salama, kaa ulipo, usiende darajani tafadhali."

Mkuu akasoma kwa sauti, akakata neno la mwisho. "Adabu tutaionyesha kesho." Akatia saini. "Tukikosea, tumekosea wawili."

Ujumbe ulitoka saa nane na dakika thelathini na moja.

Kilichobaki ni kungoja, na hakuna aliyewafundisha kungoja. Alimpigia dada, haikupokelewa. Akapiga tena, ikaita mpaka ikachoka. Saa nane na dakika arobaini na nane, mpimaji wa kina cha maji kwenye daraja la juu ya mto akatoa taarifa: maji yamepita hapo, yamebeba miti mizima. Mama Penseli akampigia dada tena, na safari hii sauti ya mashine ikamwambia kwamba namba haipatikani. Mkuu alivuta kiti akakaa karibu naye. Saa ya ukutani ikafika saa tisa. Ikapita.

Saa tisa na dakika sita simu ikaita. Dada alikuwa akihema hivi kwamba maneno yalitoka nusu nusu.

"Nilifika nyumba ya tano, simu zikalia zote kwa pamoja. Watu wakatoka wenyewe. Mimi magoti haya, nimesukumwa kama mkokoteni."

"Uko wapi?"

"Nyie watu wa ofisini mna vituko. Sasa hivi imelia tena. Ujumbe mwingine."

"Unasemaje?"

"Unasema ondokeni bondeni sasa, pandeni kilimani."

Mama Penseli akafumba macho. Huo ulikuwa ujumbe wa kwanza, ule wa mnara wa kando ya mto. Simu haiwezi kuushika ikiwa bondeni. Inaushika ikiwa imefika juu ya kilima, mahali ambapo mnara unaiona.

"Usome tena, dada," akasema.

"Umechelewa huu. Bonde lenyewe halionekani, ni maji matupu. Cherehani yangu imekwenda na suruali ya mtu."

"Najua. Usome tena."

Dada akausoma tena, neno kwa neno.