Mnavu Mwekundu wa Black Rock

Basi lililotutoa Louisville lilinuka dizeli na viazi vya kukaanga, nami nilitapika mara mbili kabla ya Columbus. Tulikuwa tumeshatoka mbali: Kivu, kambi ya Kigoma, kisha ndege tatu hadi Marekani. Huko Columbus baba alikosa kazi ya kudumu, hivyo mwaka 2015 tukahamia Buffalo, kwenye nyumba ya mbao mtaani Black Rock, karibu na reli. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mdogo wangu Bahati alikuwa na minne.

Kando ya reli kulikuwa na matunda. Forsadi nilizijua tangu Louisville, zilikokuwa zikichafua njia za miguu. Julai ziliiva rasiberi nyeusi za porini, zenye miiba. Ukichuma moja, kiini hubaki tawini na tunda huwa na uwazi ndani kama kofia. Mama alizipika na sukari, tukapaka kwenye mkate. Nikajiona bingwa.

Septemba niliona mmea umetambaa juu ya uzio, vishada vyake kama vya mnavu. Kambini kila mtoto alijua: mnavu wa kijani usiguse, ulioiva kula. Huu ulikuwa umeiva, mwekundu. Maua yake yalikuwa ya zambarau, ilhali mnavu wetu huchanua maua meupe. Niliyaona, nikayapuuza. Nilionja tunda moja, likawa chungu, nikatema. Bahati nilimjazia kiganja, akala yote.

Alasiri akaanza kujikunja. “Yaya, tumbo inauma,” akasema, akiniita kama kwetu mdogo amwitavyo mkubwa wake, akatapika. Nikafuta maganda mekundu sakafuni kabla mama hajayaona. Kanisani watu walisimulia jinsi serikali ya huku inavyowanyang’anya wazazi wazembe watoto wao, na mama aliiogopa hospitali kuliko ugonjwa. Nilinyamaza mpaka Bahati alipoacha kuitika jina lake. Ndipo nikasema.

Mama hakunipiga. “Bon. Leta tawi yake,” alisema. “Afazali banichukulie mutoto muzima kuliko nimuzike.”

Baba alikuwa kazini ghalani, kwa hiyo hospitalini mkalimani nilikuwa mimi. Muuguzi aliligeuzageuza tawi, akauliza nani alikuwa akimwangalia mtoto. Nikamtafsiria mama.

“Ambia ye: ni mimi,” mama akajibu.

Bahati alirudishwa nyumbani kesho yake, akidai wali. Hakuna watu wa serikali waliokuja kumchukua, lakini mama aliendelea kuwasubiri.

Baadaye, ukubwani, nimehamahama miji mingi ya baridi, na kila mahali nachuma. Siku hizi natazama ua kabla ya tunda, na simlishi mtu nisichokijua. Utotoni niliogopa kwa siku moja. Mama ameogopa miaka yote. Siku niliyoondoka Buffalo kabisa, dereva wa teksi aligonga mlango. Mama alimshika mkono Bahati, kijana wa miaka kumi na miwili aliyempita kimo, akamrudisha nyuma yake, ndipo akaniruhusu nifungue.