Joho Jekundu la Baba

Wiki nzima kabla ya ile Jumapili sikupata usingizi wa maana hapa Kibomet. Binti yangu alikuwa ameamua kusomea umeme katika chuo cha ufundi mjini Kitale. Baba yangu, kule Ndalu, alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba mjukuu wake anakwenda chuo kikuu alichosoma yeye, na kwamba Jumapili hiyo atamfanyia sherehe. Kazi ya kumwambia ukweli ilikuwa yangu.

Chuo hicho kikongwe kiko ng'ambo ya mpaka, juu ya kilima. Baba alikwenda huko enzi ambazo kijana wa Bungoma akivuka mpaka kwenda kusoma, kijiji kizima kilimsindikiza. Sisi tumekua na historia yake kama watoto wengine wanavyokua na uji. Hakukuwa na matanga ambayo baba hakusimama kueleza jinsi wanafunzi walivyokula chakula cha jioni wakiwa wamevaa majoho mekundu, na jinsi wakubwa wa nchi kadhaa walivyotoka mle.

Joho lake analo hadi leo. Nyumbani kwetu, mtoto akiitwa chuo kikuu anavishwa joho hilo, kisha baba anamshika mkono kutoka langoni hadi sebuleni huku wanawake wakipiga vigelegele. Kaka zangu wawili walivishwa. Mimi nilikwenda chuo cha walimu. Asubuhi ya kuondoka kwangu baba alinitakia safari njema akaenda zake kupalilia mahindi.

Ndiyo maana niliogopa. Sikutaka binti yangu apite pale nilipopita mimi. Nikisonga ugali, nilikuwa nikipanga maneno. Mara niseme nimpigie simu, mara nimtume kaka yangu mkubwa, mwoga mwenzangu. Sikufanya lolote.

Jumamosi tulifika Ndalu roho mkononi. Joho lilikuwa limeanikwa kwenye kamba ili litoke harufu ya dawa ya nondo, na baba alikuwa amekaa kando yake akifukuza kuku.

"Njoo tuone kama litakutosha," alimwambia binti yangu, hata kabla hatujaketi.

Nilifungua mdomo. Binti yangu akanitangulia, akamgeukia babu yake.

"Kuka, mimi siendi huko. Nimechagua umeme, chuo cha ufundi hapo Kitale."

Baba aliwasahau kuku. "Ufundi," alisema. "Na mimi kanisani nimesema nini?"

"Baba, ni mimi nimechelewa kukuambia..."

"Sijakuuliza wewe."

"Lakini Kuka," binti yangu alisema, "si ni wewe ulituambia hiyo chuo yenu ilianza kama shule ya ufundi? Ati vijana wachache tu, wakifundishwa useremala?"

Alikuwa amesema kweli. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa historia, ule ambao baba aliupitia mbiombio kila mara ili afike kwenye majoho. Nilishika ile kamba ya kuanikia, nikingoja alipuke. Alilishika pindo la joho, akaliachia.

"Huko kwenu mnavaa nini?" aliuliza.

"Ovaroli ya bluu."

"Iko wapi?"

"Iko kwa begi. Nilitaka kukuonyesha."

"Basi kesho uivae."

Aliinuka, akalianua joho na kulikunja mwenyewe.

Jumapili, baada ya ibada, alimshika binti yangu mkono kutoka langoni. Ovaroli ilikuwa mpya na ngumu, miguu ya suruali ikiburuta chini. Mbele ya wageni baba alianza historia upya, na safari hii alikaa kwenye useremala mpaka chai ikapoa. Nilipiga vigelegele kuwashinda wote, kwa jinsi nilivyofarijika.

Kisha nikaenda nyuma ya jikoni, nikalia. Sisi chuo cha walimu tulivaa sketi ya kijivu na blauzi nyeupe. Yangu niliishona mwenyewe, na baba hajawahi kuniuliza.