Alama Nane za Kuuliza

Kwenye kibanda cha fundi simu kule Mabatini nilikaa muda mrefu kuliko nilivyowahi kukaa mahali pengine, na hata hapo sikukaa sana. Shule niliiacha nikiwa bado msingi. Lugha ya C, ya kuandikia programu za kompyuta, nilijifunza kwenye simu nikisubiri vibarua stendi ya Buzuruga, kwa sababu tu nilitaka kujua maneno yanakaaje ndani ya mashine.

Simu ikifa kioo na kioo kipya hakipatikani, fundi alikuwa na utaratibu wake. Alitoa meseji za mteja, akaziweka kwenye kompyuta, kisha akaifuta simu na kuichinja iwe spea. Meseji zilitolewa na programu ndogo aliyoachiwa na mwanachuo mmoja. Hakuna aliyewahi kulalamika. Wateja wetu waliandika Kiswahili, na herufi za Kiswahili ni nyepesi: kila moja inakaa kwenye baiti moja, chumba kimoja kidogo cha kumbukumbu ya mashine.

Asubuhi moja akaja mama anayeanika dagaa Mwaloni, pale Kirumba. Simu yake alikuwa ameileta wiki iliyotangulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nioneshe ya mwisho, ya mwanangu."

Hakujua kusoma. Mwanawe alikuwa mvuvi wa dagaa visiwani, na kwa miaka yote walikuwa wanaandikiana kwa picha. Mwezi mpevu maana yake mbalamwezi imeingia, dagaa hawafuati taa, wavuvi wamepumzika. Baada ya mwezi ilifuata picha ya pili: nyumba, nakuja, au mtumbwi, nahamia kisiwa kingine. Meseji ya mwisho iliingia kioo kikiwa kimeshakufa. Aliusikia mlio tu, ule aliouwekea mwanawe. Tangu siku hiyo kijana hapatikani, na kambi yake imevunjika, kila mtu kaenda zake.

"Kama ni nyumba," alisema, "alikuwa njiani, ziwa limemchukua. Nikae matanga. Kama ni mtumbwi, nauza mzigo wangu nikamtafute."

Fundi akafungua. Kwenye kompyuta zikatokea alama nane za kuuliza.

"Mama, huyu mwanao ana maswali mengi," fundi akatania.

"Mwanangu hajawahi kuniuliza kitu. Nipe simu yangu."

Fundi akainama kwenye droo, akakaa ameinama. Simu ilikuwa imeshafutwa, imeshagawanywa kwenye simu za watu.

"Niachie mimi, mama," nikasema. Sijui kwa nini nilisema.

Nilifungua ile programu, nikaisoma mstari kwa mstari. Picha moja haikai kwenye baiti moja kama herufi a. Inakaa kwenye baiti nne, na peke yake kila baiti haina maana. C ina kazi yake ya kuzikusanya, inaitwa mbstowcs: inazipokea baiti zilizosambaa, inazifanya herufi moja pana. Lakini lazima kwanza programu iambiwe iko katika mazingira ya lugha gani. Isipoambiwa, inajua zile herufi za kawaida tu, na ikigusa baiti ya kwanza ya picha inakataa, inarudisha hasi moja, ishara kwamba imeshindwa. Mwanachuo hakuiambia. Alipochoshwa na hasi moja, akaandika njia ya mkato: baiti usiyoijua, weka alama ya kuuliza, endelea.

Nilifurahi, nakiri. Niliongeza mstari mmoja juu wa kuiambia lugha, nikaiondoa njia ya mkato, nikajaribu kwa picha ya samaki kutoka simu yangu. Samaki akatokea mzima.

Kisha nikaifungua meseji ya mama baiti kwa baiti. Namba sitini na tatu, halafu sitini na tatu, mpaka mwisho. Hiyo ni namba ya alama ya kuuliza. Chini yake hapakuwa na kitu: programu ilihifadhi alama tu, baiti za picha zilishapotea na simu. Nane ni nne mara mbili, kwa hiyo zilikuwa picha mbili, na hilo mama alishalijua.

"Mwambie ni mtumbwi," fundi alininong'oneza mama aliporudi. "Aishi."

"Akauze mzigo, azunguke visiwa vyote?" nikamjibu.

Nilimweleza mama ukweli. Alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mashine yako sasa inaona picha?"

"Inaona."

"Weka mwezi na nyumba."

Nikaweka. Vikatokea, mwezi wa njano na nyumba yenye dirisha. Akasogea karibu, akatazama.

"Sasa mwezi na mtumbwi."

Navyo vikatokea, chini ya vile vya kwanza. Alizitazama meseji zote mbili kwa zamu, juu, chini, kisha juu tena. Akafunga kanga yake vizuri, akasema dagaa wako juani na mawingu yanakuja, akashuka kuelekea Kirumba.

Fundi akaniuliza kama programu imetengemaa.

"Imetengemaa," nikasema.