Kifungua Mimba kwenye Mstari wa Mwisho

Mansukh hakupenda watu. Alipenda mashine. Alizaliwa Mombasa, akafika London akiwa kijana, akafungua kiwanda kidogo cha uchapaji Wembley, nyuma ya duka la sari. Mimi, Mbarouk, nilimwendeshea mashine miaka kumi na mmoja, na sitampamba: alikuwa na roho ya korosho.

Aliyemkinga na wateja ni mkewe, Pramila. Wengi walikuwa Wakongo wa Tottenham, na kazi yao kubwa ilikuwa vijitabu vya mazishi: picha ya marehemu, nyimbo, orodha ya watoto. Pramila hakupokea orodha bila kuuliza, "Nani alitangulia kuzaliwa?" Kisha aliisoma kwa sauti, mteja akisikiliza. Kwao, kama kwetu Pemba, mkubwa hatajwi baada ya mdogo.

Pramila alifariki mwaka 2001. Miaka miwili baadaye Mansukh akafungua tovuti, akafunga mlango wa mbele. Ukigonga, alikufokea nyuma ya kioo: "Enda kwa website! Kila kitu iko huko!" Wateja walijaza majina, tovuti ikayapanga kwa alfabeti, wakabonyeza Approve kuridhia, nasi tukachapa. Kumpigia mteja simu ilikuwa marufuku. Aliniambia kazi yangu ni kuchapa, si kupiga domo.

Novemba 2004 ikaja oda ya mazishi ya mzee Adolphe. Aliijaza mwanawe Gires kwenye kompyuta ya maktaba, na baadaye alikiri kwamba alitazama picha ya baba yake tu, kisha akabonyeza. Niliposoma orodha, nilisita. Cédric, Gires, Gloire, Raïssa.

Raïssa nilimjua, alikuwa akija kwa Pramila kuchapisha kalenda za kanisa. Ndiye kifungua mimba wa Adolphe, wa mama mwingine aliyefia Bukavu. Ndiye pia aliyewalea hao watatu huku mama yao, Émilienne, akifanya usafi maofisini. Na uvumi wa kanisani kwao niliujua: kwamba Raïssa si damu ya mzee.

Nikamwita Mansukh. "Huyu dada ndiye mkubwa. Tuwapigie simu."

"Wamebonyeza Approve?"

"Wamebonyeza, lakini..."

"Basi! Mimi si ukoo yao. Chapa."

Simu ilikuwa mezani, karibu na kiwiko changu. Nilimchukia Mansukh, tena nilimwogopa, nikawasha mashine. Vijitabu mia mbili.

Asubuhi ya mazishi Raïssa alikuja kugonga kioo, amevaa nguo nyeusi, kijitabu mkononi. Nikamfungulia.

"Kaka Mbarouk, mumeniweka nyuma ya Cédric, mutoto nilibeba ku mugongo! Ba shangazi wanasema baba hakunizaa, na sasa iko imeandikwa."

Mansukh hakuinuka hata kwenye kiti. "Order ilikuwa approved. Andika complaint kwa website."

Hasira zikanipanda hadi masikio yakaziba. Nilimwambia Raïssa atangulie kanisani, nikapanga orodha upya, jina lake juu, nikaanza kuchapa. Mansukh alipiga kelele kwamba nimefukuzwa kazi. Nikamjibu kwamba Pramila angemwonea aibu. Hapo akageuza kiti chake kuelekea ukutani, wala hakunisaidia hata kubeba boksi.

Nilibadilisha mabasi matatu mpaka Tottenham. Maji yalikuwa yameshamwagika: ibada ilishaanza, na kila mtu alikuwa na kijitabu cha kwanza mkononi. Mashangazi walilijaza benchi la mbele pamoja na Émilienne na wanawe watatu. Mchungaji alikuwa akiwaita watoto wa marehemu wasimame, akisoma orodha yangu ya kwanza.

Nilimtafuta Raïssa kwa macho. Alikuwa kwenye kiti cha nyuma kabisa, karibu na mlango, mahali pale pale nilipomweka mimi.